Daftari la Kijani

Mwaka niliotoka Unguja na cheti changu cha taipu
na Kiarabu cha kuombea chumvi tu,
Damodar Virji aliniajiri Mutrah, ghorofani,
juu ya ghala la misumari.
Hakunitazama uso, alinitazama tarakimu.
"Andika saba." Nikaandika.
"Saba yako haina mkia. Vizuri. Hakuna atakayeigeuza mbili."
Kiswahili chake kilikuwa cha duka la mjomba wake Darajani,
cha nusu ratili na robo kibaba,
akakiweka akiba kwa mambo asiyotaka wanawe wayasikie.

Misumari ya inchi mbili, ya inchi nne, ya mabati yenye kofia.
Maskati nzima ilikuwa ikijengwa siku zile,
na kila nyundo iliyolia kutoka Ruwi hadi Sib
ilimwingizia baisa.
Bahili, niseme kweli:
bahasha za benki alizipasua akapigia hesabu kwa ndani,
chai ya mgeni ilikuwa nusu kikombe,
msumari uliopinda haukutupwa, ulinyooshwa,
na aliyeunyoosha alilipwa kwa kilo.

Alinisimulia mara moja tu, siku umeme ulipokatika,
feni ikasimama, tukawa hatuna la kufanya ila kusema.
Mandvi, darasa la tatu, ada rupia moja na nusu.
Mwalimu alisoma majina ya wasiolipa. Lake lilikuwa la mwisho.
Akatoka na kibao chake cha kuandikia kwapani,
kumbe kibao ni cha shule.
Wakamkimbiza hadi sokoni wakamnyang'anya.
"Hesabu ilikuwa juu yake, nimefika nusu," akasema.
"Jibu lake silijui mpaka leo."
Umeme ukarudi. Akauliza kama mzigo wa Suhari umefika.

Kulikuwa na daftari jekundu, la kiwanda,
nililolifunga kila Alhamisi,
na la kijani, la watoto:
binti wa mpishi, wanne wa dereva wa Kibulushi,
mapacha wa Bi Zuweina waliokuja kutoka Pemba
hawajui alifu wala be,
na siku moja mwanangu, ambaye sikumwombea,
nikamkuta pale kwa mkono wa mzee, "miaka 7",
saba yenye mkia.
Kisha shule yenyewe, Wadi Kabir, madarasa sita,
baadaye kumi na manne, na maabara
ambayo milango yake aliijaribu mmoja mmoja
asikie kama bawaba inalia.
Langoni hakuandika jina. Walipomuuliza
alisema rangi ni ghali.

Nilipotaka kujumlisha ukurasa wa kwanza wa kijani
akanishika kalamu,
yeye aliyejumlisha hata vijiti vya kiberiti.
"Hilo usilijumlishe."

Lakini upo ukurasa wa jekundu, mwezi wa Juni.
Kunjappan. Mashine ya kukatia waya.
Vidole viwili, mkono wa kulia.
Fidia: riali mia moja sabini na saba.
Niliandika mimi, kwa saba zangu safi.
Na katika kijani, Septemba ya mwaka uleule:
Leelamma binti Kunjappan, darasa la kwanza,
ada, sare, viatu, mpaka atakapomaliza.
Mashine ilifungwa kinga miaka miwili baadaye.

Nimezeeka na kurasa hizo mbili.
Usiku mwingine naona moja inailipa nyenzake,
usiku mwingine naona inaiziba mdomo.

Walipokwisha kumchoma na majivu kupoa,
mwanawe Jaydev alikuja kwangu na daftari la kijani.
Kuna sherehe, kuna jiwe la kuzindua,
anataka jumla, kwa hotuba.
Niliingia ndani, nikatoa jekundu nililolihifadhi sandukuni,
nikalifungua Juni, nikaliweka mbele yake.
"Anzia hapa."

Akasoma, kidole kikifuata mstari.
"Kunjappan ni nani?"

Nikaenda kumtilia chai.
Kikombe kizima.